Mashine Iliyosalimia Wagonjwa

Iko nchi, na msiniulize iko wapi, maana nikiwaonyesha kwa kidole, kidole chenyewe kitaulizwa kimepata kibali kwa nani. Ni nchi nzuri. Watu wake wana adabu kupita kiasi, na serikali yao inawapenda, jambo linalotangazwa redioni kila asubuhi kabla ya bei za vyakula, ili wananchi wazisikie bei wakiwa wameshatulizwa.

Nchi hiyo ilipenda mashine. Ilikuwa na mashine za kupanga foleni, mashine za kupokea malalamiko, na mashine moja kubwa ya kuwaarifu watu kwamba ile ya malalamiko ni mbovu. Na kwa kuwa ni nchi makini, hakuna mashine iliyowekwa kabla ya kufanyiwa utafiti. Binadamu anaketishwa mbele ya mashine, mtafiti anakaa pembeni na kalamu, anaandika binadamu amebonyeza wapi, amekwama wapi, ametukana wapi.

Zamani walikuwa wakiwaketisha watu wa kila aina, ikawa fujo. Muuza samaki alibonyeza hivi, mwalimu akabonyeza vile, babu mmoja akaipiga mashine konzi. Matokeo hayakulingana hata kidogo. Serikali ikaona haya, ikaajiri mtu mmoja, kwa mshahara na pensheni, awe anajaribu mashine zote kwa niaba ya wenzake. Cheo chake kikaitwa Mtumiaji wa Taifa.

Mtu huyo alikuwa Mzee Makame Tindwa. Alikuwa na tumbo la heshima, kifua kibovu alichokipata kwenye kiwanda cha saruji, na kidole cha shahada alichokikatia bima. Akiingia mahali alitanguliza kidole hicho kama wenzake wanavyotanguliza kitambulisho. Hakuwahi kushindwa na mashine, na alikuwa hodari wa kukukumbusha. Kila ripoti ya utafiti nchini iliandikwa: "Watumiaji wote walifaulu. Watumiaji wote waliridhika." Wala haikuwa uongo. Watumiaji wote alikuwa ni yeye.

*

Siku moja wakaja wageni kutoka nje, wakapewa ripoti hizo wasome, wakacheka. Kicheko cha mgeni ni kitu kibaya. Hakikamatiki, wala hakifunguliwi kesi. Ndipo Mheshimiwa Daktari Injinia Pazi Mgunya, Waziri wa Mashine na Maridhiano, akawaita wananchi uwanjani.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Tumegundua kwamba tafiti zetu zinaandikwa vizuri mno. Nchi haiwezi kufaulu namna hii bila kutiliwa shaka. Kwa hiyo natangaza Mwaka wa Ukweli katika Ripoti! Mtafiti ataandika alichokiona. Akiona baya ataandika baya, ilimradi liwe baya lenye manufaa kwa taifa. Na ripoti hazitafungiwa kabatini tena. Zitamfikia kila mtu! Kila mkoa utapata haki yake!"

Watu wakapiga makofi. Aliyepiga makofi kwa moyo hasa alikuwa Bi. Semeni Kaluta, mtafiti, mwanamke mwembamba wa sauti ya chini, aliyekuwa amekaa pembeni ya Mzee Tindwa na kalamu tangu alipotoka chuoni, akiandika "ameridhika" mpaka neno lenyewe likaanza kumtia kichefuchefu. Yeye alidhani Waziri alikuwa anamaanisha alichosema. Alikuwa bado kijana.

*

Mashine ya kwanza ya Mwaka wa Ukweli iliitwa Mlezi. Ilitengenezwa iwapimie hewa ya oksijeni wagonjwa wa kifua mahospitalini, bila kumsumbua muuguzi. Mzee Tindwa akaketishwa, akavalishwa barakoa ya hewa, na Semeni akakaa pembeni.

Mashine ikatoa sauti ya binti aliyelelewa akaleleka: "Hujambo, mpendwa mgonjwa?"

Kwenye skrini palikuwa na vitufe viwili. Cha juu kikubwa, cha kijani, kimeandikwa SIJAMBO. Chini yake kidogo, cha kijivu, NAUMWA. Mzee Tindwa akabonyeza cha kijani kabla sauti haijakatika.

"Mzee wangu, mbona haraka? Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nifikirie nini, binti? Nimesalimiwa."

Sasa, mashine hiyo ilipangwa hivi. Mgonjwa akijibu sijambo, inaelewa kwamba amepata nafuu, inampunguzia hewa. Hewa ni ghali, na mtu aliyepona hafai kuendelea kupumua kwa gharama ya umma. Baada ya muda inamsalimia tena. Akijibu sijambo, inapunguza tena.

Ilipomsalimia mara ya tatu, Semeni aliona midomo ya mzee imeanza kugeuka rangi.

"Mzee, unajisikiaje?"

"Salama tu."

"Mbona unahema?"

"Mashine nzuri," alisema Mzee Tindwa. "Ina adabu." Akabonyeza SIJAMBO, akateleza kitini taratibu kama gunia lililopasuka, akalala sakafuni.

Semeni akamvua ile barakoa, akafungua madirisha, akampepea kwa jalada la ripoti ya mwaka uliopita. Mzee alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichokitazama ni kidole chake.

"Binti," alisema, "hii imenishinda."

"Unasemaje?"

"Umenisikia, usinisumbue. Andika. Andika Mtumiaji wa Taifa kashindwa. Hii kitu inakuua huku unaitikia salamu."

"Lakini kitufe cha NAUMWA si ulikiona? Kwa nini hukukibonyeza?"

Mzee Tindwa akamtazama kama anamtafutia ukoo. "Wewe umelelewa na nani? Mtu akusalimie, hata hujamwitikia, umtupie maradhi usoni? Kwetu unasema kwanza sijambo. Halafu ndiyo unasema: ila kifua, ila mgongo, ila mtoto kafukuzwa shule. Hii mashine yenu haingoji hiyo ila."

Semeni hakuridhika kuandika kwa kumtegemea mtu mmoja. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, mtafiti wa nchi ile alitoka ofisini, akaenda kuwaketisha watu. Aliketisha washonaji, wapishi, mhubiri, askari wa zamu. Wote waliitikia salamu. Askari, kwa utiifu wake, alibonyeza SIJAMBO akiwa ameshapoteza fahamu.

Akaandika ripoti nzima, nene kama mto wa kulalia, kwa sababu ripoti nyembamba nchini humo haikupokelewa. Lakini maneno yenyewe yalikaa ukurasa mmoja: "Mashine isimsalimie mgonjwa. Watu wa nchi hii hujibu sijambo hata wakiwa wanakufa. Imuulize kama anapumua vizuri. Zisiwashwe kabla ya kubadilishwa, watu watakufa." Mzee Tindwa akasisitiza jina lake liandikwe kwa herufi kubwa. Ikiwa ni kushindwa, alisema, basi ashindwe rasmi.

*

Waziri alitimiza ahadi yake. Ripoti haikufungiwa kabatini. Ilipelekwa Kamati ya Mgao.

Nielezeni ninyi mlio na nchi nyingine mnagawaje vitu. Kule hugawa kama nyama ya sherehe ya serikali. Kila mkoa na fungu lake, kwa cheo chake, mbele ya mashahidi. Hivyo ndivyo walivyogawa mbegu, madawati, na daraja moja la chuma ambalo kila mkoa ulipata nondo zake. Waziri mwenyewe alikuwa mwenyekiti. Ripoti ya Semeni ililazwa mezani, mkasi ukaletwa juu ya mto wa hariri.

"Mheshimiwa," alisema Semeni, "ripoti si ng'ombe."

"Ndiyo maana hatukuleta shoka, Bi. Semeni."

"Mtu akipata ukurasa mmoja hataelewa kitu."

"Ataelewa kiasi cha haki yake."

"Basi tuchapishe nakala, kila mkoa upate ripoti nzima."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akaweka chini kikombe cha chai. "Kila mkoa upate nzima?" alisema Waziri kwa upole, kama anavyosemeshwa mtoto aliyeomba kucheza na kisu. "Mkoa mkubwa na mkoa mdogo wapate sawasawa? Binti yangu, unataka tuchinjane?"

Mkasi ukafanya kazi. Waziri alichukua jalada, kwa kuwa lilikuwa na picha yake. Mkoa wa Mashariki ukapata ukurasa wenye mchoro wa rangi, wakauimbia. Hospitali Kuu, ambako mashine zingewashwa kwanza, ikapata ukurasa wa Shukrani. Na ule ukurasa wenye onyo ukaangukia Mkoa wa Jabali, kwenye mawe matupu, ambako hakuna hospitali wala umeme, na mgonjwa akizidiwa hubebwa na ndugu zake mpaka wachoke.

*

Semeni alikimbilia Hospitali Kuu kwa Matroni Eliwaza, mama mnene aliyetembea kwa kishindo na kusema taratibu. Akamweleza yote kwa mdomo.

"Mwanangu, nakuamini," alisema Matroni. "Mimi nimefunika shuka watu wengi tu walioniambia asubuhi yake kwamba hawajambo. Lakini mimi nimepewa Shukrani. Niliyopewa ndiyo ninayoruhusiwa kuyatekeleza. Jana tumeshukuru kutwa nzima, hata wagonjwa wa upasuaji walisimamishwa wakashukuru."

"Kwa hiyo unangoja wafe?"

Matroni akakunja vizuri taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Niletee huo ukurasa," alisema. "Uwe mkononi mwangu. Nitazing'oa hizo mashine kwa mikono hii."

Basi Semeni akasafiri mpaka Jabali. Alikuta ukurasa wake umetiwa fremu na kioo, umetundikwa ukumbini kwa Mkuu wa Mkoa, Bwana Chande Maganda, na chini yake kuna shada la maua ya plastiki.

"Mkuu, nimekuja kuuomba huu ukurasa."

"Uuombe!" Bwana Maganda akacheka mpaka mkufu wa cheo ukamruka kifuani. "Kila siku watu wa Jabali tunapewa mabaki. Mara hii tumepata ukurasa mzima, maandishi mpaka chini, unataka kuuchukua?"

"Nipe basi ninakili, mniwekee mhuri."

"Ukinakiliwa utashuka thamani."

"Mkuu, umeusoma?"

"Nimeuzindua."

"Umeandikwa kwamba watu watakufa!"

"Nimeliona hilo," alisema Bwana Maganda, akaugeukia ule ukuta kwa fahari. "Zito sana. Hakuna mkoa mwingine uliopata neno zito namna hiyo."

*

Aliporudi mjini mikono mitupu, mashine zilikuwa zimeshawashwa. Wodi ya kifua ilikuwa tulivu, na kila alipoitazama ilizidi kutulia. Kutoka kitanda hadi kitanda ilisikika ile sauti ya binti wa watu: "Hujambo, mpendwa mgonjwa?" Na kidole kikanyanyuka, kikajibu. Magari ya kubebea maiti yalitumia mlango wa jikoni. Redio ikatangaza kwamba vitanda vinapatikana kwa wingi kuliko wakati wowote tangu uhuru.

Kwenye kitanda karibu na dirisha alilazwa Mzee Makame Tindwa. Saruji ya zamani ilikuwa imemkaba tena.

"Binti," alisema, "umenikuta kazini."

Yeye alikuwa mtu pekee wodini aliyebonyeza NAUMWA, na hakubonyeza bila aibu. Kila mara aliiomba radhi ile mashine: "Samahani mama, naumwa." Hewa ikarudi, naye akavuta pumzi, akatazama pembeni asionane macho na wenzake.

Jirani yake alikuwa mshona suti mmoja aitwaye Shomvi, kifua kikimlia kama kuku anayeatamia. Semeni alimsihi abonyeze kile cha kijivu.

"Dada, nina mtoto ameomba kazi serikalini," alinong'ona Shomvi. "Wanaandika humo ndani. Waje waone baba yake ameulizwa na serikali kwa heshima zote, kajibu anaumwa?"

"Ukifa, mtoto atafurahi?"

"Nikifa sijambo, atapata kazi."

Siku hiyohiyo, adhuhuri, Waziri akaingia na kamera za televisheni, matangazo ya moja kwa moja nchi nzima. Alikuwa amevaa koti jeupe la daktari, jipya, bado lina pini za dukani. "Wananchi," alisema kwenye kamera, "mtaona leo mashine inavyojali. Na loo! Si huyu hapa Mtumiaji wetu wa Taifa? Mzee wetu! Hebu waonyeshe wenzako."

Mashine ikasalimia. Kamera zikasogea kwenye kidole. Mzee Tindwa alikinyanyua, kikabaki hewani. Maisha yake yote kidole kile kilikuwa hakijawahi kumwaibisha mwenyeji. Semeni, aliyekuwa amebanwa ukutani na walinzi, aliona jasho likimshuka mzee shingoni. Ndipo kidole kikashuka, kikapita cha kijani, kikabonyeza cha kijivu.

"Naumwa, Mheshimiwa," alisema. "Naumwa sana. Na hawa wote wanaumwa, wanaona haya tu."

Kisha kitanda cha pili kikalia: Shomvi naye amebonyeza cha kijivu, huku analia. Kikafuata cha tatu. Wodi nzima ikaanza kuvuma kwa hewa inayorudi, na watu wakashusha pumzi kwa pamoja kama waliotoka ndani ya maji.

Waziri hakupoteza tabasamu. "Mmejionea wenyewe," aliwaambia wananchi. "Katika nchi hii mtu yuko huru kubonyeza." Akatoka haraka, na koti likachanika kwenye kitasa.

*

Nchi nzima iliona. Kwa mara ya kwanza matokeo ya utafiti yalikuwa yamewafikia watu wote bila kukatwa, na katika kila hospitali NAUMWA zikamiminika. Baraza la mawaziri likakutana kwa dharura. Wataalamu wakaeleza jambo la kutisha: kabla kitufe cha kijivu hakijaanza kubonyezwa, hakukuwa na mgonjwa hata mmoja nchini. Kwa hiyo chanzo cha maradhi kilikuwa wazi.

Asubuhi yake mafundi walifika, wakakiondoa kitufe hicho. Na kwa huruma wakaongeza boresho moja: mgonjwa asiyejibu asisumbuliwe, mashine imjibie.

"Kimekwenda wapi?" aliuliza Mzee Tindwa.

"Wamekitoa, mzee wangu."

"Basi sibonyezi."

"Ukinyamaza, itakujibia yenyewe."

Mzee alikunja kidole chake ndani ya ngumi, akaificha ngumi chini ya shuka. "Isikione," alisema.

Semeni alikimbia kumwita Matroni. Mitungi yote ya hewa ilikuwa imefungwa ndani ya makabati ya hizo mashine, na funguo zake zilikaa wizarani. Matroni Eliwaza hakuuliza tena habari ya ukurasa. Alinyanyua stuli ya chuma, akalipiga kufuli la kitanda cha dirishani, akalipiga tena, huku walinzi wanakuja mbio koridoni.

"Hujambo, mpendwa mgonjwa?" mashine iliuliza.

"Naumwa!" alisema Mzee Tindwa kwa mdomo wake, kwa sauti yote iliyobaki. "Mimi naumwa, mama. Naumwa!"

"Tunafurahi kusikia hivyo," mashine ilisema, ikapunguza hewa.

Walinzi wakamkamata Matroni mikono. Semeni aliichukua ile stuli, akapiga, lakini yeye alikuwa mwembamba, na kufuli lilikuwa la serikali. Lilipoachia mwishowe, hewa ilitoka kwa nguvu, safi, ya kutosha. Alimwekea mzee barakoa, akakaa naye pale muda mrefu, akimpa hewa, mpaka Shomvi kutoka kitanda cha pili akamwambia kwa upole, "Dada, amekwenda. Mwache."

*

Alizikwa kwa heshima. Mizinga ilipigwa. Waziri alisoma hotuba inayosema marehemu hakuwahi kushindwa na mashine. Matroni alihamishiwa mkoa usio na hospitali. Semeni hakufukuzwa, ungekuwa ni ukatili, na Mwaka wa Ukweli ulikuwa haujaisha. Aliteuliwa kwenye jopo la kumtafuta Mtumiaji mpya wa Taifa, kwa sababu Mlezi alikuwa ameboreshwa na alitakiwa kufanyiwa utafiti upya.

Waombaji walijaa mpaka barabarani. Mshahara ni mshahara. Waziri aliwakagua vidole. Semeni aliruhusiwa swali moja tu, akawauliza wote lilelile: "Mashine ikikuumiza, utasema?"

"Haiwezi kuniumiza!" walisema. "Mashine ya serikali? Labda mimi niiumize!" Mmoja alisema akiumizwa ataimba.

Mwishoni akaingia mama mmoja, Bi. Mwanahawa, mke wa Shomvi mshona suti. Sasa alikuwa mjane, na yule mtoto hakupata ile kazi. Alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Mashine ikikuumiza, utasema?"

Akafikiri. Wengine wote hawakufikiri. "Inategemea," alisema, "nani ananiuliza."

Waziri akaegemea mbele, anatabasamu. "Mathalani nakuuliza mimi."

"Ah, basi haiumi, Mheshimiwa."

Waziri akapiga meza kwa furaha, akampa mkono. Kazi akaipata palepale.

Semeni alimfuata nje, mpaka kwenye ngazi, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Akamshika mkono, akamuuliza tena swali lilelile, kwa sauti yake ya chini. Bi. Mwanahawa akatazama nyuma, akatazama juu kwenye madirisha, kisha akamjibu, na akasema kwa muda mrefu.

Aliyoyasema siwaambii. Ana watoto, na mwezi huu ndiyo kwanza kaanza kazi.